Unga wa nafaka sita, uji wa maji

Ndugu Mhariri,

Mama akieleza kwamba mwanawe haongezeki uzito, ushauri wa mtaani ni anunue unga wa lishe wenye nafaka nyingi: mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama. Kwa upande wa nguvu, fedha hiyo imepotea. Gramu 100 za unga wa nafaka yoyote kati ya hizo hutoa nguvu ya kilokalori 350 hivi, uchanganye usichanganye. Kinachoamua ni maji ya sufuriani, nayo hayana kilokalori hata moja.

Gramu ya wanga hutoa kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Uji mwepesi wa kikombe, mililita 250, huwa na unga gramu 25 tu: kilokalori 90. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hupokea mililita 240 hivi kwa mlo. Akiwa na miezi 9 hadi 11 anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku, mbali na maziwa ya mama. Ni zaidi ya vikombe vitatu. Akivimaliza, hamu ya kunyonya imekwisha.

Kwa hiyo uji uwe mzito, usimwagike kijiko kikiinamishwa. Ukishaepua, tia mafuta ya kula kijiko kimoja cha chai kwa bakuli: gramu 4.5, kilokalori 40. Kijiko hichohicho cha sukari ni 16. Usizidishe mafuta, mtoto atashiba kabla ya kupata protini na madini. Karanga za kusaga nazipendelea zaidi kwa kuwa zina vyote viwili, mafuta na protini. Zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Kuna watoto wasiotaka kabisa uji mzito. Hao wanafaa kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipushwa, ambao hulegeza uji bila kuongeza maji. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 mpaka uchipue, uanike hadi ukauke kabisa, upukute vichipukizi, usage. Ukitumia mtama, kupukuta si hiari: vichipukizi vyake vina sumu ya sayanidi. Pika uji mzito, uache upoe mpaka kidole kivumilie, kisha koroga kimea kijiko kimoja cha chai kwa bakuli. Baada ya dakika chache utalegea, na unga wote umo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakitia kimea uji ungali unachemka, vimeng'enya, yaani viini vya kimea vinavyovunja wanga na kulegeza uji, vinaungua na uji unabaki kama ulivyokuwa. Ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu nafaka iliyokaa siku tatu kwenye unyevu hubeba vijidudu.

Mtaalamu wa lishe,
Morogoro