Barua kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa idara

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema kwamba tangu ukabidhiwe idara unarudi nyumbani jioni huna hata neno la kumwambia mtu, na kwamba umeanza kuamini kuwa waliokuteua walikosea. Hawakukosea. Nadhani unachoshwa na kule kujilazimisha kuongoza kama mtangulizi wako, aliyekuwa akipata nguvu kila anapoingia katika kundi la watu.

Usiuchanganye ukimya wako na haya. Mwenye haya huogopa macho ya watu; wewe unaweza kuhutubia ukumbi mzima na ukaeleweka, ila ukishuka jukwaani unahitaji kukaa peke yako, wakati mwenzako ndiyo kwanza anatafuta wa kuzungumza naye. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alizieleza tabia hizi mbili, ya anayechoshwa na kundi la watu na ya anayepata nguvu humo, mwaka 1921, na hakuihesabu yoyote kuwa maradhi.

Ninamkumbuka sana Gandhi katika jambo hili. Akiwa mwanafunzi wa sheria London alishindwa kusoma hotuba aliyoiandika mwenyewe, ikabidi mwingine amsomee. Baadaye, akiwa kiongozi wa mamilioni, aliitenga Jumatatu iwe siku yake ya kutozungumza. Tarehe 2 Juni 1947 iliangukia Jumatatu, na siku hiyo alikutana na Mountbatten, mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza, kuhusu mpango wa kuigawa India. Hata kwa jambo zito kiasi hicho hakuvunja kimya chake, bali alijibu kwa kuandika nyuma ya bahasha zilizokwisha kutumika. Sikuambii unyamaze siku nzima. Ninachotaka uone ni kwamba kimya chake kilikuwa na siku yake, na waliofanya kazi naye waliijua.

Mimi changu nilikificha, na nilimuumiza mtu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa uongozi nilikuwa nikitoka kikaoni na kujifungia katika chumba cha majalada bila kumwambia yeyote. Siku moja, nikiwa ninaufunga mlango, nilimwona mfanyakazi wangu amesimama na karatasi mkononi. Aliikunja mara mbili, akageuka, akaenda zake. Ilikuwa na kosa la hesabu aliloligundua, na sikulijua hadi miezi miwili baadaye, aliponiambia kwamba aliamini namdharau. Mpaka leo naukumbuka ule mkunjo wa karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga saa zako, jiulize idara hiyo ipo kwa ajili ya nini. Uliwahi kuniambia kwamba unataka vijana walio chini yako waweze kuifanya kazi bila kushikwa mkono. Basi nguvu zako za asubuhi, ambazo ndizo bora, wape wao, mmoja mmoja, maana hapo ndipo usikivu wako unapofanya kazi ambayo msemaji hodari asingeiweza. Maswali ya kikao yapeleke kwa maandishi siku moja kabla, ili hata nao walio wakimya waje wamejiandaa. Vikao ambavyo unaitwa ili uonekane tu, mtume msaidizi wako. Atajifunza zaidi huko kuliko wewe.

Lakini yapo mambo ambayo uchovu si udhuru wake. Mtu wako akifiwa, nenda. Ukilazimika kumwachisha mtu kazi, mwite umwambie uso kwa uso, hata kama barua ingekuwa nyepesi kwako. Usiku wa siku hiyo utalala hoi, na itakuwa haki yake.

Kesho waambie wazi kwamba kwa muda wa saa moja baada ya chakula cha mchana mlango wako utafungwa ili upate kufikiri, kwamba hujamkasirikia yeyote, na kwamba mwenye jambo la dharura agonge bila kusita. Kisha niandikie jinsi walivyolipokea.

Kaka yako