Albamu ya pili inaharibika kabla ya kufika studio

Mhariri,

Wanaolalamika kwamba vikundi vyetu vya Dodoma hutoa albamu ya pili isiyoizidi ya kwanza wana haki. Ninachopinga ni kutupia mitambo lawama yote.

Bob Dylan wa Marekani alirekodi albamu yake ya kwanza kwa siku mbili, Novemba 1961, na kati ya nyimbo 13 alitunga 2 tu. Ya pili ilirekodiwa kidogo kidogo, kuanzia Aprili 1962 hadi Aprili 1963. Ikatoka na nyimbo 13, 11 za kwake, na nyingine nyingi zikaachwa nje. Mtu ni yuleyule na gitaa lake. Kilichoongezeka ni muda wa kutunga, na moyo wa kutupa wimbo usiofaa.

Kwetu hesabu huwa kinyume. Nyimbo za albamu ya kwanza zimeimbwa miaka kadhaa harusini na kwenye ngoma za mavuno. Za pili hutungwa wiki ileile ambayo studio imeshalipiwa. Kikundi kije na nyimbo 14 au 15 zilizokwisha kuimbwa mbele ya watu, kibakize 8. Kabla ya hapo kiisikilize albamu ya kwanza daftari mkononi, kiandike dakika na sekunde ambapo kiitikio kimechelewa au ngoma imemeza maneno.

Kinachouumiza zaidi muziki wa Kigogo ni kinanda. Ilimba, ala yetu ya sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, haipangwi kama kinanda. Sauti za Kigogo hufuata milio ya asili inayozaliwa ndani ya uzi mmoja: wa 4, 5, 6, 7, 8 na 9 (mlio wa 4 hutetema mara 4 ya mlio wa msingi wa uzi, na kuendelea). Ukigawa nusu toni, yaani hatua kati ya noti mbili zinazofuatana za kinanda, sehemu 100, mlio wa 7 uko chini ya noti ya jirani ya kinanda kwa sehemu 31, na wa 5 kwa sehemu 14. Kwa sikio lililolelewa Chamwino au Bahi, sehemu 31 ni pengo kubwa. Fundi akitandika kinanda chini ya waimbaji, wanavutwa huku na huku. Akiona wanapotoka, anawasha programu ya kunyoosha sauti, nayo inamsukuma kila mmoja kwenye noti ya kinanda. Ladha ya Kigogo imeondoka hapo, na wala hakuna aliyeimba vibaya! Sikilizeni Chibite, albamu ya 1996 ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, jinsi sauti na ilimba zinavyokaa mahali pamoja.

Basi ilimba ipangwe kwanza, waimbaji waifuate. Ulimi wa chuma ukivutwa nje mlio unashuka, ukirudishwa ndani unapanda. Tone la nta chini ya ncha linashusha kidogo zaidi. Kagueni pia utando wa buibui unaoziba tundu la sanduku. Ukipasuka, ule mvumo unapotea na ilimba inasikika kavu, hata maiki iwe ya bei gani. Maiki hiyo ikae sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye tundu. Mpigaji aimbe huku anapiga, asitenganishwe na chombo chake. Ngoma za muheme, zile za Kigogo zinazopigwa na wanawake, zikae mita 3 au 4 pembeni, la sivyo zitaingia kwenye kila maiki, na ukizipunguza unapunguza na sauti za watu.

Kama studio imeezekwa bati, rekodini usiku au alfajiri. Jua likipanda bati hutanuka na kulia, na wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma hulitikisa. Kilele cha sauti kibaki desibeli 6 chini ya kikomo cha mtambo wa kurekodi, kwa maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi.

Wenye studio nao, nawaomba mtoze kwa wimbo uliokamilika badala ya kutoza kwa saa, walau kwa vikundi vya ngoma za asili. Kupanga ilimba kubwa yenye ndimi nyingi kunaweza kula nusu siku, na kikundi kinachotazama saa ya ukutani hakitaipanga.

Fundi mitambo,
Dodoma