Ukuta Uliooza kwa Usiku Mmoja: Maelezo kwa Wateja Wetu wa Halloween

Karibu mwaka mzima kazi yetu hapa Kampala ni kuponya kuta: tunakwangua rangi iliyobanduka, tunatafuta mahali maji yanapopenyea, tunapiga plasta upya na kupaka rangi. Oktoba inapokaribia, watu wenye sebule safi kabisa huanza kutupigia simu wakitaka zionekane kama nyumba iliyotelekezwa kwa miaka 50, kwa ajili ya Halloween, sherehe ya mapambo ya kutisha. Ombi hilo halitushangazi tena, na kwa kuwa maswali yanayofuata huwa ni yale yale, tumeona tuyajibu kwa maandishi.

Kwanza ieleweke kwamba hatupaki chochote moja kwa moja juu ya ukuta wako, hata ukituruhusu. Sherehe ni ya usiku mmoja, tarehe 31 Oktoba, ilhali rangi nyeusi au doa la kahawa lililozama ndani ya rangi ya maji haliondoki kwa kitambaa na sabuni. Litahitaji msasa, rangi ya msingi ya kuzuia madoa, na tabaka mbili za rangi mpya juu yake. Tuliwahi kuitwa mwezi wa Novemba kwenye nyumba ya kupanga ambamo wapangaji walikuwa wameifanya kazi hiyo wenyewe kwa furaha kubwa. Mwenye nyumba alikuwa amezuia amana yao yote, na ukarabati uligharimu zaidi ya sherehe nzima, vinywaji vikiwemo.

Kwa sababu hiyo uozo wote tunautengeneza karakanani, juu ya hadibodi na kitambaa cha marekani, yaani pamba isiyo na nakshi, kisha tunauleta na kuusimamisha mbele ya ukuta kwa vyuma vya kuegemeza au kuutundika kwenye bomba la pazia, bila msumari hata mmoja. Bodi moja ina futi 4 kwa 8, na sebule nyingi zina kuta zinazozidi futi 8 kwenda juu. Sehemu inayobaki juu tunaifunika kwa kitambaa kilichopakwa rangi ya moshi, ambacho gizani hakuna anayekitofautisha na dari iliyovuja.

Kinachotenganisha kazi nzuri na mzaha ni kufahamu kwamba ukuta hauozi ovyo. Kila ugonjwa wa ukuta una chanzo chake, na jicho la mgeni hulitambua hilo hata kama yeye mwenyewe hawezi kulieleza. Maji yakitoka kwenye bati lililotoboka hushuka kutoka juu yakiacha michirizi inayopungua upana, na doa lake huwa na ukingo mweusi kuliko katikati kwa sababu maji husukuma uchafu pembeni kabla ya kukauka. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi hufanya kinyume: hubandua rangi kuanzia chini, hadi usawa wa goti au kiuno, na kuacha unga mweupe wa chumvi juu ya plasta. Mteja akituambia tu kwamba anataka madoa kila mahali, tunamuuliza mvua iliingilia wapi, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Nyufa za rangi kuukuu tunazipata kwa gundi nyeupe ya mbao. Bodi hupakwa rangi ya giza, ikaachwa ikauke kabisa, kisha gundi hupakwa nene juu yake. Gundi ikiwa bado inanata kidoleni lakini haifuati kidole, tunapitisha rangi ya maji ya krimu kwa mpigo mmoja, bila kurudia mahali palipokwisha kupita brashi. Rangi ya juu hukauka upesi kuliko gundi iliyo chini, hivyo huvutana na kupasuka yenyewe. Gundi nene hutoa nyufa pana, gundi nyembamba hutoa nyufa za utando wa buibui. Kwa rangi inayoning'inia tunabandika vipande vya karatasi nyembamba kwa kupaka gundi katikati tu, tukavipaka rangi, kisha tukaziinua kingo zake. Wanaotaka ukuta wa shule au zahanati ya zamani huomba nusu ya chini iwe na rangi ya mafuta ya kijani au buluu, na kwa kweli ndio unaotisha kuliko yote, kwa kuwa karibu sote tumewahi kukaa mbele ya ukuta wa namna hiyo tukisubiri kuitwa.

Kitu tunachojivunia zaidi ni njia za mchwa. Udongo mwekundu uliochekechwa, ukichanganywa na gundi na maji kidogo, hupakwa kwa ncha ya kidole kuanzia sakafuni kwenda juu kwa mistari inayogawanyika, na mgeni yeyote aliyewahi kuwa na nyumba Uganda atasogea kuugonga ukuta asikilize kama una uwazi. Usitumie unga wa ngano au mahindi kwa kazi hii, kwa maana utaalika panya na mende, nao hawataondoka baada ya sherehe.

Wapo wanaotuomba tutundike kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kiitwacho lubugo, kwa sababu rangi yake ya kahawia inafanana na ngozi ya nyumba iliyokufa. Tunakataa. Katika Buganda kitambaa hicho huvishwa maiti kwa heshima, na utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kitambaa cha marekani kilichochovywa kwenye chai ya rangi iliyokolea kinatosha.

Mwanga uwe wa pembeni au wa kutoka chini, kwa kuwa taa ya dari hulainisha kila kitu na kuifanya kazi ya siku tatu ionekane kama picha ya kalenda. Tunatumia taa ndogo za betri, na hatukubali mishumaa popote karibu na vitambaa na karatasi zetu. Soketi na swichi hatuzifuniki. Ukuvu halisi hatuuoteshi, ingawa tumeshaombwa, kwa sababu mgeni mwenye pumu atalipia mzaha huo kwa kifua chake. Rangi ya kijani kibichi na nyeusi, ikigongwagongwa kwa sponji kavu, inamdanganya kila mtu.

Oktoba ni msimu wa mvua, na gundi inayokauka kwa saa chache mwezi wa Julai inaweza kuchukua siku nzima. Tupigie basi wiki tatu kabla, ukiwa na picha ya kila ukuta, urefu na upana wake, na mahali zilipo soketi. Bodi tunazichukua asubuhi ya tarehe 1 Novemba. Ukitaka kubaki nazo, zisimamishe wima mahali pakavu, kwani zikilazwa kwenye sakafu yenye unyevu zitaoza kwelikweli.