Malalamiko Kuhusu Ufungaji Mbovu wa Ruta Kwenye Malori

Idara ya Ufundi na Usafirishaji,
Changamwe, Mombasa.

Kwa Meneja wa Ufundi,

Bwana/Bibi,

MINT: RUTA ZA MTANDAO KWENYE MALORI 12

Mtandao unakatika malorini, lakini ruta mlizotufungia, yaani vifaa vya kugawa mtandao, si mbovu. Tumezijaribu mezani kwa umeme thabiti na hazikukatika. Kibovu ni ufungaji, ndiyo maana tunakataa pendekezo lenu la kubadilisha ruta kwa ruta: mpya zikifungwa vilevile zitasumbua vilevile.

Malori haya yanatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo. Ruta yenyewe, kibandiko chake kinasema wazi, inapokea volti 9 hadi 36. Hata hivyo, katika malori saba mafundi wenu walichukua volti 12 kutoka betri moja tu. Altaneta, mashine ya injini inayozalisha umeme, huchaji betri zote mbili kama kitu kimoja. Haiwezi kujua kwamba moja inanyonywa zaidi. Basi hiyo moja haijai kamwe, na mwenzake huchajiwa kupita kiasi hadi maji yakachemka na kukauka. Tayari tumekuta betri zilizofungwa siku moja zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti. Betri zilizoharibika hivyo mtazilipa nyinyi.

Malori matano yaliyobaki yamechomekwa kwenye soketi ya dashibodi. Soketi hiyo hukosa umeme dereva anapopiga stata, na hufa kabisa ufunguo ukizimwa. Kwenye foleni ya lango la bandari ya Kilindini dereva huzima injini asichome dizeli bure. Papo hapo tableti, skana na kamera hupoteza mtandao, na ndipo mahali penyewe zinapohitajika. Akiwasha tena, ruta huchukua dakika moja au mbili kuamka na kushika mnara.

Ruta ina nyaya tatu za umeme, na wa tatu haukuwekwa kwa urembo. Wa chanya uende kwenye volti 24 za kudumu kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu na betri, si karibu na ruta, ili waya ukichubuka njiani fyuzi ikate kabla ya moto. Wa hasi uende kwenye hasi ya betri. Wa tatu uungwe kwenye mkondo unaowaka kwa ufunguo, ndio unaoiambia ruta kwamba injini imezimwa. Kisha muda wa kuchelewa kuzima uwekwe dakika 120, na ruta ijizime volti zikishuka hadi 23.5. Ikitumia wati 10, saa mbili ni chini ya ampea-saa moja. Betri ya lori haitahisi.

Antena nazo zimebandikwa ndani ya kabini, nyuma ya kiti, chini ya paa la chuma. Tunataka antena ya paani, yenye nyaya zote mbili za mtandao wa simu zikiungwa, kwani katika malori matatu mmoja ulikuwa unaning'inia. Katika lori jingine antena ya Wi-Fi ilikazwa kwenye tundu la mtandao wa simu. Nati zinaingiliana vizuri, lakini katikati ni tundu kwa tundu, hakuna pini inayogusa. Kebo ikatwe kwa urefu unaohitajika. Msiviringishe mita tano za kebo nyembamba, maana nguvu nyingi ya mawimbi hupotelea humo. Viungo vya nje vifungwe mkanda wa mpira unaojigandisha wenyewe. Kwa chumvi ya hewa ya Mombasa, shaba iliyo wazi huota kutu ya kijani upesi.

Laini mbili za simu zimo ndani ya ruta, ila mmeziwekea kubadilishana pale tu mawimbi yanapopotea. Penye msongamano ruta huonyesha mawimbi kamili ilhali data haipiti. Ruta ipime kwa pingi, yaani ujumbe mfupi wa majaribio unaosubiri jibu, kila sekunde 30. Zikifeli tatu mfululizo, ihamie laini ya pili.

Tunawapa siku 14. Anzeni na malori mawili, tuyapime sote kutoka Kilindini hadi mizani ya Mariakani, injini ikizimwa na kuwashwa mara kumi njiani. Yakipita bila kukatika, endeleeni na kumi yaliyobaki. Malipo ya awamu ya mwisho tumeyazuia hadi hapo. Magari huwa yadi ya Miritini kila Jumapili kuanzia saa mbili asubuhi. Fundi wetu wa umeme atakuwepo na mita.

Wenu,
Msimamizi wa Ufundi.