Mnyama wa picha ile si wa Ulaya

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno. Ile habari ya Ulaya kulegeza ulinzi wa mbwa mwitu imenishinda kunyamazia. Maelezo yalikuwa sahihi: Mkataba wa Bern, unaolinda wanyama na mimea ya Ulaya, umemshusha mnyama huyo kutoka kundi la wanaolindwa vikali hadi la wanaolindwa tu, kuanzia Machi 2025. Lakini picha! Mlichapa mnyama wa mabaka meusi, meupe na ya manjano, masikio makubwa ya duara, ncha ya mkia nyeupe. Huyo ni mbwa mwitu wa kwetu Afrika, wa Ruaha, Nyerere na Laikipia. Mtoto wa jirani ameikata picha hiyo, akaibandika kwenye daftari lake la sayansi na kuandika chini yake "mbwa mwitu wa Ulaya". Nani atamsahihisha, ikiwa gazeti ndilo lililomfundisha?

Wanyama hawa wawili hata hawazaliani. Yule wa Ulaya ana masikio yaliyochongoka, aghalabu ana rangi ya kijivu, dume hufika kilo 40 na zaidi, na mguu wa mbele una vidole vitano. Wa kwetu ana vidole vinne, uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, na ndiye pekee aliyebaki katika jenasi yake, Lycaon. Mholanzi Temminck, alipomwandika mwaka 1820, alimdhania fisi. Na kuna jambo ambalo ukurasa wenu wa mazingira haujawahi kuligusa: yule bweha wa dhahabu wa Serengeti, uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko na bweha wa Asia tuliyemfananisha naye. Aliye ndugu wa karibu tunamwita bweha, na asiye ndugu ndiye tuliyempa jina la mbwa mwitu.

Mtasema jina ni jina tu. Hapana. Jina hili limebeba chuki ya wafugaji wa kondoo wa nchi nyingine na kumtwika mnyama asiyehusika. Mathayo 7:15 inataja mbwa-mwitu waliovaa mavazi ya kondoo, na huyo ni mnyama wa Palestina. Sura Yusuf nayo inamtaja, na huko amesingiziwa: ndugu wa Yusuf walileta kanzu yenye damu ya uongo. Waingereza waliwamaliza wa kwao karne nyingi zilizopita, Wamarekani wakawamaliza wa Yellowstone kufikia 1926, kisha mwaka 1995 wakalazimika kuwaleta wengine kutoka Kanada. Si kila jamii iliwachukia. Wamongolia humtaja katika asili ya ukoo wa Chinggis Khan, na wakulima wa Japani walichukua hirizi zake kwenye hekalu la Mitsumine kwa sababu alikuwa akiwafukuza nguruwe na paa shambani. Lakini waliokuja kututawala hawakutoka Japani. Walikuja na chuki ya kwao, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi mbwa mwitu wetu hata ndani ya hifadhi, kwa madai kwamba anaua kikatili. Leo hii yeye ni miongoni mwa wanyama walao nyama walio hatarini zaidi Afrika, na bado vijana wahalifu wa Dar es Salaam, kabla ya kundi la Panya Road, waliitwa Mbwa Mwitu, na magazeti yakaliandika jina hilo kwa herufi kubwa. Huyu ni mnyama anayewatanguliza watoto wake kula, na anayemtapikia chakula mwenzake aliyebaki kulinda shimo!

Na hapo ndipo mnapokosea hata kwenye habari za mifugo. Mbuzi wakiuawa zizini usiku, mnaandika mbwa mwitu. Yeye huwinda alfajiri na jioni, pengine usiku wa mbalamwezi, na akigusa mifugo mara nyingi ni malishoni, ambako hakuna mchungaji mtu mzima. Wa zizini mara nyingi ni fisi au chui. Ukikosea mhusika, unakosea dawa: mfugaji hutega sumu kwenye mzoga na kuua tumbusi, huku zizi likibaki vilevile. Zizi linalofaa ni la waya wa wavu uliofungwa kwenye nguzo mbichi za miti ya jamii ya manemane, zilizopandwa wakati wa mvua ili zichipue. Udhaifu uko mlangoni; tawi la miiba halitoshi, kwa maana ng'ombe wakinusa fisi huvunja wenyewe na kutoka. Chanjo nayo: kuzuia kichaa cha mbwa kunahitaji mbwa wa kufugwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na zoezi lirudiwe kila mwaka kwa sababu watoto wapya huzaliwa. Makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa Serengeti yalitoweka mwaka 1991, na magonjwa ya mbwa wa kufugwa yamo katika lawama.

Naomba hivi. Andikeni "mbwa mwitu wa Ulaya" tangu kichwa cha habari, hadi BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, watupe neno lake mwenyewe. Kabla ya picha kupita, mtu mmoja aangalie masikio: ya duara ni wa kwetu, yaliyochongoka si yeye. Na masahihisho yachapwe ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule, ili mtoto yule apate cha kubandika juu ya kile cha kwanza.

Msomaji wenu,
Iringa