Shukrani kwa mwalimu aliyekaa dawati la nyuma

Mwalimu mwenzangu, jina lako silitaji kwa sababu hupendi kutajwa, lakini ulichonifanyia kinastahili mashahidi.

Darasa langu la tatu lilikuwa kimya kila kipindi cha hisabati. Nikiuliza, mikono ileile miwili inanyooshwa, nasema "sahihi", tunaendelea. Ulikuja ukakaa nyuma, ukaandika tu. Baadaye ukanionyesha daftari lako: kila swali nililisubiria sekunde moja, kisha nikajibu mwenyewe.

Kesho yake ulishika chaki wewe. Uliandika 52 − 27, ukapita kati ya madawati ukisoma kazi zao, ukapanga moyoni nani atangulie. Ulianza na aliyepata 35. Hukumwambia amekosa, ulimuuliza, "Umefikaje hapo?" Akaeleza kwamba 7 toa 2 ni 5. Ukamwomba jirani yake ayaseme maelezo hayo kwa maneno yake, kisha ukanyamaza. Kimya kile kilinitesa! Ndipo mtoto ambaye sikuwahi kumsikia akichangia akaenda ubaoni, akachora mstari wa namba, akaruka 27 hadi 30, hadi 50, hadi 52. "3, 20, 2. Ni 25." Yule wa kwanza akautazama ule mstari, akasema, "Kumbe nilitoa kwa kugeuza," akafuta jibu lake mwenyewe.

Walimu mliobobea, ingieni madarasa ya wenzenu hivi, bila fomu ya ukaguzi mkononi.

Asante sana, mwalimu. Yule mtoto wa mstari wa namba sasa ananyoosha mkono kabla sijamaliza swali.