Tangazo la tanzia halikumtosha mama

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimkumbuke mama yangu, aliyekuwa pia rafiki yangu wa karibu kuliko wote.

Tulipotangaza kifo chake tulifuata mtindo uliozoeleka: jina, umri, siku ya mazishi, kisha msururu wa watoto, wakwe na wajukuu. Nililisoma tangazo lile, mama sikumwona. Haikuwamo miwani yake iliyofungwa uzi mweusi pale mkono ulipovunjika, wala daftari alimoandika siku ya kuzaliwa ya kila aliyempenda, hata watoto wa majirani. Siku ikifika, alikupigia simu alfajiri, hujaamka vizuri, akakutakia heri na kukata.

Alinilea, akanikanya, na nilipokuwa mtu mzima akaanza kuniomba ushauri. Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza. Nilimweleza mambo ambayo sikumwambia mwingine, na hakuwahi kuyatoa nje.

Tangu msiba, wengi wananiambia nijikaze, nisimtajetaje. Najua wananitakia mema, lakini mimi nataka kumtaja. Wanaonifariji zaidi ni wale wanaokuja na kisa nisichokijua. Juzi mama mmoja alinisimulia jinsi marehemu alivyokaa naye usiku kucha alipofiwa na mtoto, bila kusema neno, amemshika mkono tu.

Kisa hicho nimekiandika katika daftari lake. Kurasa tupu bado zipo nyingi. Wenye visa vyake, naviomba.

Mwanawe